Ishirini ya Saa Nane

Nilisukuma machela miaka kumi na tisa kabla sijaruhusiwa kumshika mgonjwa mkono na kumhesabia mapigo. Kazi ya machela haina siri. Inataka mgongo, na kujua lifti ipi imekufa leo. Nilitoa watu wodini nikawapeleka upasuaji, nikawarudisha, na wale ambao safari yao ilikuwa imekwisha nikawapeleka jengo la nyuma lenye mlango wa bati. Hospitali nzima iliniita Dereva. Hata mganga mkuu.

Kisha likabandikwa tangazo kwamba hospitali itawafundisha wafanyakazi wake uuguzi msaidizi. Mwaka mmoja, kila wiki siku mbili darasani, siku nne wodini. Niliishia darasa la sita, lakini kusoma najua na kuandika najua. Nilikuwa na miaka arobaini na saba. Mwisho wa tangazo waliandika kwa herufi kubwa: kozi hairudiwi. Ukiondolewa, umeondolewa.

Mke wangu alicheka mpaka akaweka chini sindano yake. "Utakaa dawati moja na watoto uliowasukuma mama zao kwenda leba."

Na kweli. Jirani yangu darasani alikuwa msichana wa miaka kumi na minane, aliyekuwa msafishaji wa maabara, mwenye doa jeusi juu ya mdomo. Wote walimwita Kidoti. Siku ya kwanza akaniambia alizaliwa humu humu hospitalini. Tukapiga hesabu ya mwaka. Nilikuwa nimeshaanza kazi.

"Basi huenda ulimsukuma mama yangu," akasema.

"Huenda. Alikuwa anapiga kelele?"

"Mama? Hata leo hajanyamaza."

Tangu siku hiyo akaniita Baba.

Tulipangwa wodi ya wanaume, vitanda thelathini na nane. Mkuu wa wodi tulimwita Sista Rula, si mbele yake. Alitembea na rula ya mbao mfukoni, ya kupigia mistari kwenye chati, na ya kugongea meza mtu akisinzia. Yeye ndiye aliyetufundisha kupima, na alifundisha vizuri. Hilo siwezi kumnyima.

"Joto, kipimo kinakupa," alisema. "Presha, mashine inakupa. Pumzi haina mashine. Ni macho yako na saa yako. Mtazame kifua, dakika nzima, si nusu. Na usimwambie unahesabu pumzi, maana ukimwambia atajipumulia vingine. Endelea kumshika mkono kama bado unahesabu mapigo. Mtu mzima ni kumi na mbili mpaka ishirini. Ikipita thelathini, acha kila kitu uniite. Hata kama niko chooni."

Tulipima mara tatu kwa siku: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa kumi na mbili jioni. Wiki ya kwanza nilihesabu kila mtu dakika nzima. Nilianza saa nane, nikamaliza saa kumi na nusu, miguu inawaka. Sista Rula alikuwa amesimama mezani ananisubiri.

"Dereva, unawahesabu au unawaombea?"

"Nahesabu pumzi, Sista."

"Chati nazitaka mezani saa tisa. Daktari hawezi kungoja dua yako."

Hakusema niandike uongo. Hakuna mtu aliyewahi kulisema hilo katika wodi ile. Nilichofanya ni kufungua mafaili ya zamani, nione waliotutangulia waliwezaje kumaliza saa tisa. Safu ya joto ilikuwa na namba za kila aina. Safu ya presha hivyo hivyo. Safu ya pumzi ilikuwa ishirini, ishirini, ishirini, ukurasa hadi ukurasa, mwezi hadi mwezi. Wazee, vijana, wenye pumu, waliovunjika mguu, wote walipumua ishirini. Nikaelewa.

Nikaanza na mimi. Mwanzoni niliandika ishirini nikiwa nimesimama kitandani, angalau namtazama mtu usoni. Baadaye nikaona ni rahisi kujaza safu nzima mezani kabla sijaondoka. Baadaye tena, nikijaza ya saa nane, namjazia na mwenzangu wa jioni ili apumue kidogo. Kidoti naye akiwa zamu ya mchana alinijazia ya jioni. Tuliita kusaidiana. Kila kipimo kilikuwa na kisanduku cha sahihi pembeni. Hicho ulijisainia mwenyewe.

Zilikuwa zimebaki wiki tano za kozi mzee mmoja alipoletwa kitanda namba tisa. Mimi ndiye niliyempokea. Alikuwa seremala, miaka arobaini akimeza vumbi la mbao, na sasa kifua kilikuwa kimejaa. Nimonia, daktari akaandika. Wodi nzima ikamwita Fundi.

Fundi hakuweza kukaa karibu na kitu bila kukikagua. Siku ya pili tu alikuwa ameshalifungua kabati la kando ya kitanda chake. "Aliyetengeneza hili," akaniambia, "alikuwa na haraka ya kwenda mazishini. Tazama bawaba. Imewekwa kichwa chini." Akaigeuza kwa mpini wa kijiko. Mlango ambao haukuwahi kufunga tangu niingie kazini ukafunga.

"Wewe si ndiye uliyekuwa unasukuma vitanda?" akaniuliza. "Nililetwa hapa na mguu miaka ile, ukanigonga kwenye kila kona."

"Ndiye mimi."

"Sasa umepanda. Unaandika watu." Akacheka, akakohoa. "Mtihani lini?"

Nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba anayefaulu anapewa mkanda wa buluu, wa kufunga juu ya sare, na kwamba mke wangu alikwisha kunipima kiuno.

"Ukiuvaa njoo nikuone," akasema. "Kama nimeshatoka, nyumba yangu iko nyuma ya kiwanda cha matofali. Uliza Fundi, watakuonyesha. Nitakutengenezea kiti cha kukalia mtu mwenye mkanda."

Siku ya nne, saa nane mchana, nilitoka mezani na chati zangu. Safu ya pumzi ya saa nane ilikuwa imejaa. Ya saa kumi na mbili jioni nayo nilikuwa nimeijaza, kwa ajili ya Kidoti.

Nilifika namba tisa saa nane na robo. Fundi alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, mabega yamepanda. Hakunitania. Pale juu ya mfupa wa shingo, kila alipovuta hewa, ngozi ilizama shimo. Matundu ya pua yalikuwa yametanuka. Nililiona lile shimo, wala sitasema sikuliona.

"Vipi, Fundi?"

"Kifua," akasema. Akavuta hewa. "Kimebana." Akavuta tena. "Kidogo."

Nikampima joto, nikaandika. Nikampima presha, nikaandika. Nikafika kwenye pumzi, nikakuta mwandiko wangu mwenyewe: ishirini.

Nilisimama pale na kalamu. Kwenye chati hufuti. Unapiga mstari juu ya namba, unaandika nyingine, unasaini pembeni. Na ukimwita Sista atakuja na rula yake, ataona namba iliyokuwepo kabla ya kupima, kisha atatazama ya jioni, saa ambayo bado haijafika, ataona nayo ina namba. Wiki tano. Kozi hairudiwi. Na mbele yangu kulikuwa na watu ishirini na tisa.

Nikamwekea mto mgongoni. "Nitarudi, Fundi," nikasema. Akainua vidole viwili kutoka kwenye goti, kama mtu anayekuruhusu upite. Nikaenda namba kumi.

Sikurudi. Nilimaliza saa tisa kasoro dakika tano. Sista Rula akatazama saa ya ukutani, akasema, "Sasa unakuwa muuguzi." Saa kumi nikatoka zamu, nikavua sare, nikashuka uani kuosha viatu kwenye bomba.

Nikiwa pale, mmoja wa wasukuma machela wenzangu wa zamani akanipigia mluzi kutoka ngazini. "Dereva, tupe mkono. Lifti zote mbili zimegoma na tuna mtu wa jengo la nyuma."

Nilipanda na nguo zangu za nyumbani. Alikuwa amefunikwa shuka mpaka juu, lakini mtu aliyefanya kazi ile miaka kumi na tisa anasoma kitanda kabla ya kusoma uso. Ilikuwa namba tisa, na kabati lake lilikuwa limefungwa vizuri. Binti yake alikuwa amekuja saa ya kutazama wagonjwa, akamkuta ameketi vile vile, kaegemea mto wangu. Akadhani amesinzia, akampangia vyombo vya chakula, akaanza kumsimulia habari za nyumbani. Aliongea na maiti robo saa nzima.

Tukambeba ngazi tano. Mimi nilikuwa upande wa kichwa.

Asubuhi yake daktari akaomba faili ili aandike sababu ya kifo. Akalisoma amesimama. Akacheka, kicheko kifupi, kisha akaacha. Kifo cha Fundi kiliandikwa saa kumi na nusu. Chati ilisema saa kumi na mbili jioni Fundi alikuwa akipumua ishirini. Na pembeni kulikuwa na sahihi ya Kidoti. Faili lilikuwa bado halijatolewa kwenye rundo. Yeye alisaini rundo zima kwanza, ndipo akaanza kuzunguka vitandani.

Daktari akapeleka faili kwa metroni. Metroni akaita kikao: kesho yake, saa nne.

Nilimkuta Kidoti kwenye chumba cha mashuka, amekaa juu ya fungu la nguo chafu.

"Nimekwisha, Baba," akasema. "Nimesaini kwamba maiti inapumua. Hata mama atacheka."

"Namba niliandika mimi."

"Ulinijazia, nikasaini. Mkono ni wangu."

"Umewaambia kwamba ni mimi?"

"Sijamwambia mtu." Akanitazama. Alikuwa anangoja. Alinipa muda wa kutosha kabisa wa kusema neno, na mimi nikaokota shuka lililoanguka, nikalikunja, nikaliweka rafuni. Akainuka, akajifuta uso, akatoka.

Jioni mke wangu alikuwa anapunguza suruali yangu ya sare. Nikamweleza yote, la saa kumi na mbili na la saa nane. Hakunikatiza. Mwisho akakata uzi kwa meno.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Wewe tu."

"Mimi si metroni."

"Wataniondoa. Nitarudi kwenye machela mpaka mgongo uvunjike."

"Ulikuwa kwenye machela nilipokubali kuolewa na wewe. Sikuona mkanda." Akaikunja suruali. "Yule ni mtoto wa watu. Mama yake ulimsukuma wewe."

"Sijui kama ni mimi."

"Wala hujui kama si wewe. Na yule mzee uliyemwambia utarudi, je? Yeye ulimsukuma, hilo unalijua."

Sikulala vizuri, lakini hilo halimhusu mtu.

Asubuhi Sista Rula alinikamata kwenye korido kabla sijafika ofisi ya metroni. Alizungumza taratibu, bila kunitazama, kama anayekagua rangi ya ukuta.

"Mbili yako ina mkia, Dereva. Nimeusoma mwandiko wako mwaka mzima. Ingia, sema ya saa kumi na mbili uliandika wewe. Kujaza mapema ni kosa la onyo. Utapewa onyo, yule msichana atapewa onyo, mtafanya mtihani. Ya saa nane usiiguse. Hakuna anayeiuliza."

"Kwa nini hawaiulizi?"

"Kwa sababu alikuwa hai." Hapo ndipo akanitazama. "Ukiiondoa ishirini ya saa nane, na ya asubuhi itaondoka, na ya juzi, na ya mwaka juzi. Wodi yote itaondoka. Unanielewa?"

Nilimwelewa. Yeye ndiye aliyetufundisha dakika nzima, na yeye ndiye aliyezitaka chati saa tisa, na yote mawili alikuwa nayo moyoni bila kugombana.

Nje ya ofisi kulikuwa na benchi. Juu yake ameketi mwanamke wa makamo, mkoba miguuni, bahasha tupu ya kutilia hati ya kifo mkononi. Alikuwa na paji la uso la Fundi. Aliponiona na sare akainuka.

"Kaka, samahani. Wewe ndiye uliyekuwa ukimpima baba mchana?"

"Ndiye mimi, dada."

"Saa nane alikuwaje? Nilipiga simu wodini, wakasoma chati, wakaniambia anaendelea vizuri. Ningekuja mapema, lakini wakaniambia anaendelea vizuri."

"Ningoje nitoke," nikasema.

Ndani kulikuwa na metroni nyuma ya meza, daktari dirishani, Sista Rula, na Kidoti amesimama katikati kama mtu anayepimwa urefu. Nikasema sikuja kukaa. Nikasema ishirini ya saa kumi na mbili niliandika mimi, saa nane kasoro, kabla ya wakati wake, na msichana alisaini akiniamini.

Metroni akaandika. Alionekana kupata nafuu. "Kwa hiyo ni kujaza kumbukumbu mapema. Wote wawili mtapewa onyo la maandishi. Sista, wodi yako ikome tabia hii. Tumemaliza."

Sista Rula akafunga macho kidogo na kuyafungua. Ilikuwa imekwisha. Ningeweza kugeuka na kutoka nikiwa na wiki zangu tano, na yule dada nikamwambia neno lolote, pole, kazi ya Mungu, akaenda zake.

"Ya saa nane nayo sikuihesabu," nikasema.

Mkono wa metroni ukabaki juu ya faili.

"Niliiandika mezani. Nilipofika kitandani alikuwa amekaa, mabega juu, shingo inazama, maneno matatu anayakata mara tatu. Niliona. Sikuhesabu na sikuita mtu, kwa sababu ningepiga mstari juu ya namba mngejua tunazijaza."

Daktari akatoka dirishani. "Unakadiria zilikuwa ngapi?"

"Sikuhesabu, daktari. Zilipita thelathini."

Metroni akafunika kalamu yake. "Hilo sikukuuliza."

"Najua."

"Toka nje. Wote."

Barua yangu ilikuwa tayari kabla ya saa sita. Nimeondolewa kozi kwa kujaza kumbukumbu kabla ya wakati. Ya saa nane haikuandikwa popote. Mpaka leo, kwenye faili la Fundi, mwenye kulifungua atakuta saa nane mchana mgonjwa alipumua ishirini.

Yule dada alikuwa bado kwenye benchi. Nikamwambia kama nilivyowaambia wao, kwa maneno yale yale. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Kwa hiyo alikuwa anakosa hewa," akasema, "na wewe umesimama hapo."

"Ndiyo."

"Mtungi wa hewa ulikuwepo?"

"Ulikuwepo. Vitanda vitatu mbele yake. Haukuwa na mtu."

Kisha akavuta mkoba wake, ukakwama.

"Umekanyaga kamba," akasema.

Nikaondoa mguu. Akauchukua mkoba wake, akaenda.

Nilirudi kwenye machela wiki hiyo hiyo. Wenzangu walinitania siku mbili, Dereva amepelekwa gereji, kisha wakachoka. Kidoti alifanya mtihani, akafaulu, akavaa mkanda wa buluu. Mkanda unampendeza. Hakunishukuru na sikungoja. Ila aliacha kuniita Baba. Nadhani ni kwa sababu ya lile shuka nililolikunja.

Kitu kimoja nilikitoa kwenye kozi ile na hawakuweza kuninyang'anya. Nikisukuma mtu, nahesabu. Korido kutoka picha za kifua mpaka wodini ni dakika mbili na nusu, na nina saa ya mkononi. Mgonjwa hajui. Anadhani natazama njia.

Juzi, baada ya saa tisa, nilikuwa namrudisha kijana mmoja fundi bomba, ameshikilia vyuma vya machela kwa mikono miwili. Dakika ya kwanza nilipata thelathini na tano. Nikasema huenda nimekosea. Ya pili nikapata thelathini na sita. Nikafika mlangoni mwa wodi ya wanaume. Kidoti alikuwa mezani na rundo la chati.

"Huyu apimwe pumzi," nikasema.

Akavuta chati yake, akaifungua. "Ameshapimwa. Saa nane. Ishirini."

"Saa nane alikuwa nje ya chumba cha picha. Nilikuwa naye."

Akaifunga chati. Nyuma yake, kwenye ofisi ndogo, nilisikia rula ikigonga meza.

"Dereva," akasema kwa sauti ya chini, "leo wako arobaini na wawili. Wanne wamelala chini. Niko peke yangu. Toa machela mlangoni, watu wapite."

Nikafunga breki za magurudumu. Machela ikakaa katikati ya mlango, hakuna wa kuingia wala wa kutoka. Msafishaji aliyekuwa na ndoo akasimama. Mtu mwenye sinia la dawa akasimama nyuma yake, akauliza kuna nini.

"Unanifanyia hivi mbele ya watu," Kidoti akasema.

"Ndiyo."

Akaniangalia kwa hasira, hasira kabisa. Kisha akaja. Akamshika yule kijana mkono, kama anayehesabu mapigo, akainua saa yake, akamtazama kifua. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nyuma mtu akasonya. Sista Rula akatokea kwenye mlango wa ofisi, akaona, akabaki pale pale. Ilikuwa dakika ndefu.

"Thelathini na nane," Kidoti akasema. Si kwangu. Akamwita mwenye sinia, akamwambia aache dawa akalete mtungi wa hewa, mbio. Halafu akarudi mezani, akafungua ile chati, akapiga mstari juu ya ishirini, akaandika namba yake, akasaini pembeni.

Nikafungua breki.